Siku Waisiko Alipoyapigia Maji Vigelegele

Huku kwetu Gorong'a, Waisiko alijulikana kwa sauti kabla hajajulikana kwa sura. Alipoolewa kutoka Itiryo mwaka ule wa themanini na mbili, siku ya tatu tu mama mkwe wake alimwambia, "Binti, ng'ombe wa hapa wanasikia vizuri, usiwapigie kelele hivyo." Akimwita mtoto mtoni, watoto wa miji mitatu, ndivyo tunavyoita maboma huku, wanaitika. Kanisani walimwomba akae benchi la nyuma, ili na wengine wasikike wakiimba. Yeye wala hakuona haya. Alikuwa amemaliza darasa la saba enzi zile ambazo darasa la saba lilikuwa darasa la saba kweli, na alizoea kusema, "Mungu hakunipa koo hili la kunywea uji tu."

Kijiji chao kimekaa mgongoni mwa kilima. Chini yake kuna bonde la mto Nyamerama, unaoteremka kutoka vilima vya Itiryo kwenda kumwagika mto Mara. Bondeni humo mna miji kumi na minne, kwa sababu udongo wake ni mweusi na mgomba unabeba hata usipoangaliwa. Mji wa Waisiko na mume wake Marwa ni wa tisa ukihesabu kutoka juu ya mto.

Mwaka wa Elnino, tisini na saba kuingia tisini na nane, mto huo ulipanda asubuhi moja watu wakiwa wanakamua. Waisiko alikimbia na watoto mgongoni na mkononi, akageuka kumwita wifi yake mdogo. Wifi akaitika, "Nakuja!" Akarudi ndani kuchukua kibuyu cha maziwa. Walimpata siku ya nne, mbali sana. Tangu siku hiyo Waisiko ana neno moja moyoni, na aliwahi kulisema mbele ya mkutano bila kutetemeka: mto ukipanda tena akiwa hai, bondeni hatabaki mtu. Hata mmoja.

Basi mwaka elfu mbili ishirini na nne, redio ikawa inasema masika yatakuwa makubwa. Kijiji kilikuwa na mtendaji mpya, Vedasto, kijana wa Karagwe, mpole, mwenye daftari lisilomtoka kwapani. Vedasto akasimamisha nguzo mtoni na kuipaka rangi: chini nyeupe, katikati njano, juu nyekundu. Maji yakigusa njano, watu wahame. Yakigusa nyekundu, asionekane mtu bondeni.

"Sasa tunahitaji mtu wa kupiga mbiu," akasema mkutanoni. Mkutano mzima ukamgeukia Waisiko, na mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa. "Mtendaji, wewe ni mgeni. Hilo si swali la kuuliza hapa."

Zoezi likapangwa Jumanne ya pili ya Machi. Waisiko angesimama kwenye nguzo na kupiga yowe, watu wa bondeni wangepanda kilimani na mizigo yao, na Vedasto angehesabu dakika kwa simu yake. Jambo jepesi kabisa.

Waisiko akajifunga kanga kiunoni, akavuta pumzi, akalipiga yowe.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mtendaji alikuwa mgeni, na Waisiko alikuwa amejisahau. Huku kwetu, tangu babu wa babu, yowe lina maana moja: ng'ombe wameibiwa. Na mwanamume akisikia yowe hapandi mlima, anateremka mbio kwenye vivuko vya mto kuwakata wezi njia. Kabla Waisiko hajameza mate, kilima kizima kilimwagika bondeni. Walikuja na mikuki, walikuja na pinde na mapanga, walikuja na mbwa. Mmoja alikuja na sabuni usoni, taulo kiunoni na rungu mkononi. Watu waliokuwa salama juu kabisa, ambao hata gharika ya Nuhu ingewafikia mwisho, wote walikuwa sasa wamesimama ndani ya mto, maji yakiwapiga magotini, wanatweta.

"Wamepita wapi?" akauliza Mwikwabe, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mji mkubwa kule juu kileleni.

"Hakuna waliopita," akasema Waisiko.

"Ng'ombe wa nani?"

"Hakuna ng'ombe, mura. Ni maji."

Mwikwabe akayatazama maji. "Maji yameiba ng'ombe wa nani?"

Vedasto walimkuta kwenye shamba la muhogo, amelala kifudifudi juu ya daftari lake. Tangu siku hiyo watoto wakimwona Waisiko njiani waliimba, "Wamepita wapi? Wamepita wapi?" Marwa, mume wake, naye hakumwachia. Akiombwa chumvi anauliza, "Nije na mkuki au nije hivi hivi?"

Waisiko alicheka na wao, lakini akilini hakulala. Yowe limeshindikana, apige nini? Filimbi ni ya sungusungu. Kengele ya kanisa ikipigwa siku ya kazi, watu wanauliza nani amekufa. Chuma kile cha shuleni kikigongwa, wanakuja watoto peke yao. Kila mlio huku ulikuwa na mwenyewe tayari! Siku tatu alizunguka na jambo hilo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya nne, anapepeta mtama, akasimama na ungo mkononi.

"Marwa! Ukisikia vigelegele unafanya nini?"

"Nauliza chakula kiko wapi."

"Halafu?"

"Halafu naelekea huko vinakotoka."

"Na ukielekea huko, unabeba mkuki?"

"Nakwenda harusini na mkuki, nimekuwa kichaa?"

Waisiko akautupa ungo, akamkumbatia mzee wa watu mpaka kofia ikamdondoka. Jibu lilikuwa hilo. Yowe linawapeleka watu mtoni, vigelegele vinawaita kule vinakopigwa. Kumbe mwenye mbiu hatakiwi kusimama mtoni! Anatakiwa kuutazama mto, kisha apande juu kabisa na kuita kutoka juu.

Mkutano uliofuata, Vedasto aliandika hayo yote kwa mkono wa haraka, macho yanamng'aa. Mahali pa juu kabisa ni mji wa Mwikwabe, wenye zizi pana na uwanja mkubwa. Mwikwabe akasimama, akasema neno moja: "Waje." Watu wakapiga makofi. Wakakubaliana kila mji uwe na ndoo moja yenye mfuniko, ndani yake vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, dawa za mgonjwa, kiberiti kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, na unga wa siku mbili. Ndoo ikae mlangoni, isikae uvunguni. Kila mbuzi awe na kamba yake. Na mtoto yeyote afundishwe kwamba maji yanayokimbia hayakanyagwi, hata kama ni ya kisigino.

Kisha Waisiko akasimama kusoma orodha ya miji ya bondeni, mmoja mmoja, kwa sauti ile. Aliposema, "Namba kumi na moja, mji wa Mama Elieth," akapita kama alivyopita kwenye mingine.

Hapo ndipo kosa lilipopenya. Mama Elieth, ambaye jina lake ni Beatrice, ni bibi wa miaka sabini na nane anayeishi peke yake. Na huyo Elieth, binti yake, ndiye mke wa Mwikwabe. Huku kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Mama mkwe haingii nyumba ambayo mkwe wake analala, seuze kulala humo. Vedasto hakujua. Beatrice hakuwepo, mguu ulikuwa unamsumbua. Mwikwabe asingeweza kumtaja mama mkwe wake mbele ya watu, akatazama viatu vyake. Elieth aliona aibu, akangoja mtu mwingine aseme. Na Waisiko, mwenye kujua nani alimwoa nani tangu mwaka wa sitini na tano, alikuwa amenogewa na sauti yake mwenyewe. Hakuona kitu.

Ikaja Alhamisi moja mwishoni mwa Aprili. Jua lilikuwa linawaka sawasawa, watu wameanika nguo na mihogo. Saa nne asubuhi simu ya Waisiko ikalia. Alikuwa Dorka, rafiki yake Mjaluo anayeuza dagaa kwenye gulio la Itiryo, mwenye ndugu nusu ng'ambo ya mpaka na Kiswahili cha ng'ambo vilevile.

"Waisiko! Wee uko wapi?"

"Niko nyumbani, nageuza mihogo."

"Wachana na mihogo! Huku mvua imetupiga tangu alfajiri, mto imekula daraja ya miti, imekula na choo ya soko. Maji rangi ya chai ya maziwa! Hiyo yote inakuja kwako, mama. Usiseme sikukuambia."

"Umepita hapo saa ngapi?"

"Sasa hivi! Ninaiona na macho yangu! Kimbia!"

Waisiko alikwisha kupima mara nne msimu ule: maji yakipita gulioni kwa Dorka, yanafika kwao baada ya saa mbili, hayazidi. Akashuka mbio hadi kwenye nguzo. Maji yako kwenye nyeupe, yametulia, kuna ndege anakunywa. Akatazama juu, mbingu ya buluu haina hata wingu la kufutia ubao.

Akapiga hesabu pale pale. Akiita watu na maji yasije, safari hii hawatacheka tu, hawatamwamini tena, na siku ya kweli watabaki ndani wanakunywa uji. Akisubiri nguzo imwambie, Beatrice na mguu wake, na mama wa mapacha wa mji wa tano, hawatawahi.

"Jua lote hili?" Marwa akamuuliza alipomwona anafunga kanga. "Watakuua kwa kicheko."

"Wacheke wakiwa juu," akasema Waisiko. "Fungua mbuzi."

Akakipanda kile kilima kwa miaka yake sitini na moja kama anafukuzwa. Alipofika uwanjani kwa Mwikwabe alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti haikutoka. Ilitoka hewa tupu. Elieth akaja mbio na kata ya maji, akampa, akampigapiga mgongoni. "Pole pole, mama. Pole pole."

Akameza mafunda mawili, akalitazama lile bonde lilivyolala limeridhika juani, akaviachia vigelegele.

Vilishuka kile kilima, vikagonga ng'ambo, vikarudi. Elieth akadaka akapiga vyake. Mwanamke wa mji wa pili akavisikia akavipokea, wa tatu akapokea, wa sita, wa nane, mpaka bonde zima likawa linalia kama kuna maharusi ishirini wanatoka kanisani kwa pamoja. Na watu wakaanza kupanda! Walipanda na ndoo vichwani, na magodoro, na kuku wananing'inia miguu juu. Mama wa mapacha alipanda na mapacha, mmoja mbele mmoja nyuma, anapiga vigelegele na yeye mwenyewe. Wanaume waliwatoa ng'ombe mara moja kwa kundi moja, na ng'ombe nao waliona jambo si la kawaida, wakapanda bila kupigwa. Hakuonekana mkuki hata mmoja.

Mpita njia mwenye baiskeli akasimama. "Jamani, anaolewa nani?"

"Mto!" akajibu mwanamke mmoja bila kusimama. "Sukuma baiskeli yako juu, nawe ni mwalikwa!"

Vedasto alisimama mlangoni mwa uwanja anahesabu, anarukaruka kama mtoto. "Mji wa tano, wote! Wa sita, wote! Mama Waisiko, dakika thelathini na nane! Dakika thelathini na nane tu!" Wa tisa, Marwa na mbuzi wake, wapo. Wa kumi, wapo.

"Kumi na moja?"

Watu wakageuka kutazama njia.

"Kumi na moja, Mama Elieth?"

Waisiko akamgeukia Elieth, na alipoona Elieth ameweka mikono kichwani, kila kitu kilimjia kwa mpigo. Akamtazama Mwikwabe amesimama katikati ya zizi lake. Akaitazama ile nyumba. Akatamani ardhi immeze.

"Mimi ndiye niliyemsoma," akasema. "Kwa mdomo wangu huu."

"Naenda mimi," akasema Vedasto.

"Wewe utamwambia nini, mwanangu? Atakukaribisha maziwa mpaka mto uwafikie nyote wawili." Akatazama saa ya simu. Ilibaki saa moja na dakika kumi. Akashuka.

Alipopita karibu na nguzo, maji yalikuwa yanailamba njano, na yule ndege hayupo. Beatrice alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua maharage kwenye sinia. Ndoo yake yenye mfuniko ilikuwa pale pale mlangoni, tayari kabisa, kama mkutano ulivyoagiza.

"Shikamoo, Mama Elieth."

"Marahaba. Mbona unahema kama mbwa wa kuwinda?"

"Hukusikia vigelegele?"

"Nimesikia. Vizuri sana. Ulivikatisha kidogo pale mwanzoni."

"Basi twende!"

"Wapi?"

"Kwa…"

"Sema tu. Kwa mkwe wangu." Beatrice akatupa harage bovu. "Nikalale kwa mkwe wangu, niamke asubuhi nimwone anatafuta suruali. Mkutano mzima umekaa, watu na akili zao, wakaona hilo ni sawa. Mimi niliolewa mwaka wa sitini na nne, Waisiko. Sijawahi kumwona yule mtoto usoni tangu alete ng'ombe zake. Leo nianze kwa sababu ya maji?"

"Ni kosa langu. Nipige kesho. Leo simama."

"Maji ya Elnino yaliishia pale kwenye mgomba."

"Yalimchukua wifi yangu pale kwenye mgomba!" Sauti ya Waisiko ilitoka yote, kuku wakaruka. "Aliniitikia kama wewe unavyoniitikia sasa. Alikuwa na kibuyu, wewe una maharage. Mimi siondoki hapa. Ukibaki, tumebaki wawili, na huko juu mtoto wako ataona mama zake wawili wanapita."

Beatrice akamtazama. Mikono yake ilisimama juu ya sinia. Lakini hakunyanyuka, na Waisiko akaelewa kwamba si ubishi. Yule bibi alikuwa anaogopa aibu kuliko maji, na hakuna mtu aliyempa mahali pa kwenda.

Hapo wakasikia kikohozi. Nyuma ya migomba, hatua thelathini hivi, alisimama Mwikwabe. Alikuwa amewapa mgongo kabisa, uso kaelekeza kwenye jiwe, kama mtoto aliyepewa adhabu.

"Mama Waisiko," akaliambia jiwe, "mwambie mama, kuna ile nyumba mpya."

Kila mtu aliijua nyumba hiyo, upande wa pili wa zizi. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati jipya. Mwikwabe alikuwa ameijenga miaka minne, kwa mikono yake, na wiki ile ile ndiyo walikuwa wanamalizia milango.

"Anasema kuna nyumba mpya," akasema Waisiko.

"Nimesikia, mguu ndio mbovu, sikio zima," akasema Beatrice. "Muulize, amekwisha kulala humo?"

"Anauliza umekwisha kulala humo?"

"Mwambie bado. Hata moto haujawashwa."

Beatrice akafikiri. Kutoka mtoni ulisikika mlio mpya, wa chini chini, kama lori linatafuta gia. "Mwambie basi aelewe. Mimi nikiwasha moto wa kwanza mle, ile ni nyumba ya mama mkwe wake. Hataingia tena. Siyo mpaka maji yakauke. Hataingia."

Waisiko hakulirudia hilo. Halikuhitaji kurudiwa. Walimwona Mwikwabe mabega yanashuka, miaka minne ile inampita mgongoni, matope, kuni za tanuru, kila tofali. Hakukaa sana.

"Mwambie aje na mafiga yake," akasema.

Beatrice akasimama kama msichana. "Nipe fimbo yangu! Waisiko, beba figa hilo!"

"Figa moja tu!"

"Mawili!"

"Moja, Mama Elieth, moja, kilimani mawe yamejaa, twende!"

Wakatoka hivyo: Mwikwabe mbele hatua thelathini, hageuki, na ndoo ya bibi kichwani, ambayo Waisiko alikuwa ameipeleka na kuiweka chini ili asiipokee mkononi mwa mwenyewe. Nyuma yake Waisiko, figa likining'inia mgongoni kwenye kanga kama mtoto, bibi ameshikilia bega lake. Wakafika kwenye korongo. Maji yalikuwa yameanza kupita humo, membamba, ya kisigino.

"Mwambie mama ni ya kisigino tu," Mwikwabe akasema mbele. "Ng'ambo ni hatua sita, njia ya kichuguuni ni mbali."

"Yanakimbia!" akafoka Waisiko. "Tuliwafundisha watoto nini, mura? Zunguka! Zunguka kichuguuni!"

Akazunguka. Nao wakazunguka, Beatrice anahesabu hatua kwa sauti, anatukana mguu wake kwa Kikurya kitamu cha zamani. Walikuwa wamefika nusu ya kilima mlio ule ulipokuwa ngurumo, na Waisiko akageuka. Mto ulikuwa umeinuka. Ulikuja umesimama wima kama ukuta wa matope, na miti inapinduka ndani yake mizizi juu. Zile hatua sita za korongo zikajaa kwa muda wa kupiga chafya. Nguzo ya Vedasto ikaonyesha nyekundu mara moja, kisha haikuonyesha tena kitu. Migomba ikalala chini yote upande mmoja.

"Ee," akasema Beatrice. "Yamepita mgomba."

Juu walikuwa wanawaona. Watu walipiga kelele, walilia, walirukaruka, Elieth alikimbia kuteremka akaanguka akainuka. Vedasto alikuwa ameketi chini kabisa na daftari magotini, anaandika namba kumi na moja na machozi yanadondoka juu yake. Wanaume wote wakasogea upande mmoja wa zizi na kugeuza migongo, bila kuambiwa, ili bibi apite na heshima yake.

Akapita. Aliingia ile nyumba mpya inayonuka saruji, akachagua pembe, akapanga figa lake na mawe mawili aliyookotewa na Elieth. Kiberiti kilitoka kwenye ndoo kikavu kama siku kilipofungwa. Kuni zikashika. Moshi ukatafuta njia, ukatoka dirishani, na wanawake waliojaa mlangoni walianza kucheka na kukohoa na kutaja majina ya wale wote waliokuwa hai, miji kumi na minne, hata mtu wa baiskeli. Waisiko alikaa sakafuni, miguu imenyooka mbele, anacheka bila sauti, maana sauti yote ilikuwa imekwisha.

Nje Mwikwabe alisimama karibu na ukuta, amelipa dirisha mgongo, anatazama bonde lililogeuka ziwa. Mbali kule chini kiboko alikuwa amekwisha kutokea, anatembea taratibu kwenye shamba la maharage la mama mkwe wake.

Beatrice akajaribu kufunga mlango ili upepo usimzimie moto. Mlango ukagoma nusu.

"Waisiko," akaita, kwa sauti ya mtu aliye kwake. "Mwambie mkwe wangu mlango wake unabana."

Waisiko akafungua mdomo, ikatoka hewa. Lakini Mwikwabe alikuwa amesikia.

"Mwambie mama ni mlango wake, si wangu," akauambia upepo. "Ila kesho nitaleta randa."